Mkanda wa Koplo

Mimi si mtu wa kusahau. Ushonaji umenifundisha hivyo: ukikosea kipimo leo, mwenye suruali atakukumbusha mwaka mzima. Kwa hiyo nikisema shemeji yangu alimfanyia mbwa wangu unyama, msidhani ni maneno ya mwanamke aliyeamka vibaya. Ushahidi ninao, tena kwa mwandiko wake mwenyewe, na daftari liko kabatini.

Mbwa wangu anaitwa Koplo. Ana miaka kumi na mitatu. Marehemu mume wangu alimleta nyumbani ndani ya mfuko wa koti akiwa kichanga, akampa cheo siku ileile kwa sababu alikwenda moja kwa moja kulala mlangoni kana kwamba zamu yake imeanza. Mume wangu alipofariki, Koplo alilala juu ya viatu vyake wiki tatu, hali vizuri, haniangalii. Watoto sikujaliwa. Katika wale wote walionijua enzi zile nilipokuwa nacheka hovyo, amebaki yeye. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniambia ni mbwa tu. Shemeji aliniambia hivyo mara moja, na tutafika huko.

Tunakaa ghorofa ya pili, vidato ishirini na viwili kutoka barabarani. Chumba cha mbele changu, cha nyuma cha mdogo wangu na mumewe. Waliomba wakae miezi miwili tu wakijipanga. Huu ni mwaka wa tano na bado wanajipanga. Mumewe ni mwalimu wa michezo mstaafu, mtaa mzima unamwita Kocha, na filimbi haimtoki shingoni hata mezani. Kila Jumamosi anawachezesha wastaafu wenzake mazoezi uwanja wa shule, na akirudi anatuhutubia sisi tuliobaki kwamba maradhi ni uvivu. Magoti yake mwenyewe yalikuwa yameisha. Tulimsikia akipanda ngazi, mguu mmoja halafu mwingine unaburuzwa, lakini ole wako umuulize.

Mwaka jana viungo vya Koplo vilianza kukaza. Asubuhi anaamka mbele, nyuma kunakataa. Anasimama nusu, anatafakari, ndipo miguu ya nyuma inakubali. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, binti mmoja mpole mwenye mikono ya baridi, akamlaza mezani, akamkunja mguu mmoja mmoja na kumnyoosha huku ameinamisha sikio utafikiri anasikiliza redio. Akaniambia ule ulaini ulio kati ya mifupa ya nyonga umelika. Kupona hatapona, lakini anaweza kuishi bila maumivu tukimtunza. Akampima damu kuona kama figo na ini vitastahimili dawa, kisha akanipa kopo la vidonge vya kutafuna, vya rangi ya kahawia, vinanukia maini. Kimoja kwa siku baada ya kula. Akataka pia niwe na daftari: amekula nini, amemeza saa ngapi, amechukua muda gani kusimama, ametembea mpaka wapi.

Mimi ukinipa kazi naifanya. Sakafu yetu ni ya vigae na miguu ya Koplo ilikuwa inateleza, nikaunganisha vipande vya kitambaa kizito nikamtandikia njia kutoka kitandani kwake mpaka jikoni. Bakuli nikaliinua juu ya kigoda asiiname. Asubuhi nilipiga taulo pasi mpaka likapata moto wa kuvumilika, nikamfunika nyonga robo saa. Akapunguzwa chakula, akapunguzwa kucha. Na siku ya tano ya vidonge, Koplo akapanda kwenye kochi peke yake. Hakuwa amepanda miezi minane. Kocha alikuwa amekaa palepale, na nakumbuka alivyomtazama mbwa yule muda mrefu. Nikadhani anafurahi na mimi.

Wiki iliyofuata akaniambia kwamba mimi nawahi duka langu la ushonaji ng'ambo ya barabara na kidonge kinataka tumbo lenye chakula, kwa nini nisimwachie yeye kazi ya asubuhi. Kwa kweli niliguswa. Mtu ambaye hajawahi kuosha kikombe chake ndani ya nyumba yangu anajitolea kumhudumia mbwa? Nikamshonea kaptula mpya ya mazoezi kama asante, mjinga mimi. Na daftari nikamkabidhi. Mwandiko wake wa kiualimu, uliolala upande mmoja, ukajaza kurasa: Amekula. Amemeza. Amekula. Amemeza. Chini yake alama ya vema.

Koplo akaanza kurudi nyuma. Wiki ya tatu hakulikaribia kochi. Wiki ya tano hakuweza kushuka ngazi, nikamshonea mkanda mpana kutoka jinzi ya marehemu, unapita chini ya tumbo mbele ya mapaja, wenye mishikio miwili ya kumnyanyulia nyonga. Pembeni nikaudarizi jina lake kwa uzi mwekundu, herufi kubwa, maana koplo hatembei bila jina kwenye sare. Tukawa tunashuka hivyo, mimi nyuma nimemnyanyua, yeye mbele anajitahidi, na kila kidato anageuka kuniangalia kama anaomba radhi. Siku hizo nilikuwa nikifika dukani nalia kwanza, ndipo nawasha cherehani.

Mara mbili nikamrudisha kwa daktari. Alisoma daftari, akatikisa kichwa. Dozi hawezi kuongeza kwa sababu ya figo, na dawa iliyofanya kazi wiki ya kwanza haikupaswa kugoma namna hii. Jumatatu moja akaandika kwenye faili kwamba dawa imeshindwa. Akanishika mkono, akaniambia tumpe wiki mbili, na kama bado ana maumivu kiasi hiki, itabidi tuzungumze habari ya kumpumzisha. Alisema taratibu sana, lakini niliielewa vizuri sindano inayozungumzwa.

Nilirudi nyumbani nikawaambia alichosema daktari. Mdogo wangu akanikumbatia. Kocha alikuwa anafunga kamba za viatu mlangoni.

"Umri umefika, shemeji," akasema. "Tusimtese. Ni mbwa tu."

Halafu akainuka, akashuka ngazi zake akipiga mluzi. Machozi yalikuwa yamenijaa, sikuona nilichokuwa nakiona.

Nilikiona Jumatano, dukani. Kwa miaka minne suruali za Kocha zilikuwa zinaniletea kazi ileile: pindo la mguu wa kushoto limechanika, maana ndio mguu aliokuwa anauburuza. Kila mwezi pindo moja. Safari hii mdogo wangu alikuwa ameleta suruali tatu, anataka nibane viuno tu. Nikageuza pindo la kushoto la kwanza. Zima. La pili, zima. La tatu zima, uzi wangu wa miezi miwili nyuma upo vilevile. Nikakaa chini. Mtu aliyekuwa anaburuza mguu haburuzi tena. Tangu lini? Nikahesabu wiki kwa vidole, na vidole vikafika mahali nisipopataka. Nikakumbuka pia kitu kingine ambacho mdogo wangu alikuwa anakicheka: kwamba Koplo siku hizi anampenda Kocha, kila asubuhi anamfuata kumnusa mdomo. Kocha alikuwa anajisifu kwamba wanyama wanamtambua mtu mwema.

Alhamisi nikaaga kama kawaida, nikashuka mpaka barabarani, nikavua viatu, nikapanda tena na soksi. Mlango wa jikoni haujawahi kufunga vizuri. Nikasimama kwenye upenyo.

Kocha alimwekea Koplo chakula. Akafungua kopo, akatoa kidonge, akakitupia mdomoni mwake kama karanga, akatafuna. Alikunja uso kidogo kwa ladha. Koplo akaacha bakuli, akajikokota mpaka kwake, akanyoosha shingo akimnusa midomo, mkia unatikisika, maana alikuwa anaijua harufu ile, anajua ni yake. Yule mtu akamsukuma pua kwa kiganja, akajifuta, akavuta daftari, akaandika. Hata saa aliangalia kwanza, ili aandike saa sahihi.

Nilikuwa na mkasi wa kukatia vitambaa mkobani na sitasema nilichowaza. Damu ilinichemka mpaka masikio yakavuma. Majuma saba! Mbwa wangu analala na maumivu, mimi nazoea kumuaga, na huyu anakula nafuu yake kwa ulaini, halafu ananiambia tusimtese. Ningeingia pale pale, angekana, au angelia, mdogo wangu angelia zaidi, na mpaka saa nne ningekuwa mimi ndiye mbaya. Nikapiga moyo konde. Nikashuka na soksi zangu. Nikajiambia, huyu sitamgombeza, huyu nitamshona.

Siku ileile nikapita zahanati ya wanyama, nikamuuliza msaidizi wa duka lao la dawa kama wana vidonge vya kung'arisha manyoya. Anavyo. Vya kahawia, vya kutafuna, vinanukia maini, ukubwa uleule. Daktari hakuwepo na hata angekuwepo nisingemwambia, nilitaka kwanza nilipize kisasi changu. Vidonge vya Koplo nikavihamishia kwenye kopo la vifungo dukani kwangu, na jioni baada ya chakula nikawa nampa mwenyewe, nimemshika taya mpaka kimeshuka. Kopo la jikoni nikalijaza vile vya kung'arisha manyoya.

Hapo lazima niwaambie kuhusu ile Jumamosi. Kocha alikuwa amevimba kichwa. Alikuwa ametangazia wastaafu wote kwamba ameyaponya magoti yake kwa nidhamu peke yake, hakuna dawa, hakuna hospitali, na akaita familia zao waje uwanjani washuhudie Njia ya Kocha, yeye mwenyewe atachuchumaa na kusimama mara hamsini. Siku hiyo wangemchagua pia mwenyekiti wa chama, na alikuwa ameshaanza kuitikia akiitwa mwenyekiti. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Siku ya nne akashika ukuta akishuka ngazi. Siku ya sita nikausikia tena ule mguu ukiburuzwa, na haki ya nani, ulikuwa muziki. Siku ya saba vidonge koponi vikaanza kupungua viwili viwili, naye akaniambia kimoja kilianguka kwenye sinki. Nikampa pole. Mdogo wangu akasema mezani kwamba nywele za mume wake, hizo chache, siku hizi zina afya ya ajabu. Nikainama kwenye sahani yangu.

Na Koplo? Siku ya tano alisimama kwa mara moja. Siku ya nane nikaingia nikamkuta kwenye kochi. Nikakaa sakafuni mbele yake, nikamlalia mguuni, nikamwambia mambo ambayo hayawahusu.

Jumamosi tukaenda wote. Ngazi zote ishirini na mbili Koplo alishuka kwa miguu yake minne, polepole, lakini yake. Mkanda niliuweka kwenye mkoba, si kwa ajili yake.

Uwanjani walikuwepo watu kama sitini, viti vya plastiki, kipaza sauti. Kocha alivaa kaptula niliyomshonea. Akazungumza kirefu habari ya nia, kwamba mwili ni mtumishi, kwamba wenye magoti mabovu ni wale waliokubali kushindwa. Jasho lilikuwa limeshamtoka na hajaanza. Kisha akapuliza filimbi, akachuchumaa.

Ya kwanza akasimama. Ya pili akasimama kwa kusukuma mapaja. Ya tatu akashuka, na chini akabaki. Watu wakadhani ni mtindo. Mmoja akapiga makofi. Nikaona mabega yake yanatetemeka, anataka kupeleka mkono chini na anaona aibu kuupeleka. Mdogo wangu akaanza kuinuka, nikamrudisha kitini kwa bega. Nikaenda mimi, na Koplo pembeni yangu. Tulipofika, Koplo akanyoosha shingo akamnusa mdomo.

Nikatoa mkanda. Nikaupitisha chini ya makalio ya mwalimu wa michezo, nikakaza mishikio yote miwili, na jina la mbwa wangu likakaa nyongani mwake kwa herufi nyekundu, mstari wa mbele wote wanasoma. Nikainama mpaka sikioni.

"Umri umefika, shemeji," nikamwambia. "Tusikutese."

Akaniangalia, na nikajua ameelewa kila kitu, kopo, daftari, kila kitu. Akanywea. Nikamvuta juu kama nilivyokuwa namvuta Koplo, nikampitisha katikati ya viti mpaka lango la uwanja, kidogo kidogo, na kicheko kikatusindikiza. Mwenyekiti wakamchagua mama mmoja karani mstaafu.

Nyumbani niliyasema yote. Kocha hakukana. Alisema hospitali wangemwambia aache mazoezi, na bila mazoezi yeye ni nani. Alisema alidhani mbwa atakufa tu hata hivyo. Mdogo wangu alilia, kisha akanigeukia mimi.

"Dada, umemvua nguo mume wangu mbele za watu."

"Nguo nilizomshonea mimi," nikasema.

Jumatatu ilikuwa ile siku ya daktari, siku ya kuzungumza habari ya sindano. Nikamwambia Kocha anaongozana na sisi, na maneno atayasema yeye, maana faili limeandikwa dawa imeshindwa na dawa haikushindwa. Alikaa kwenye benchi la kungojea kati ya paka kwenye kikapu na Koplo. Alipoingia aliongea akiangalia viatu vyake. Yule binti mpole akaacha kalamu, uso ukambadilika. Hakumuuliza kuhusu mbwa. Alimuuliza kama tumbo linamchoma, kama choo chake ni cheusi. Kocha akakubali kwa kichwa, akasema kilikuwa hivyo, siku hizi kimeanza kurudi sawa. Na mwishoni alikuwa anameza vingapi? Viwili, wakati mwingine vitatu.

Hapo nikasema mimi kwamba hivyo viwili vitatu vilikuwa vya manyoya.

Daktari akashusha pumzi. Akasema dawa ile mwilini mwa binadamu inachimba tumbo, na mtu aliyekuwa tayari na dalili zile akizidisha dozi namna ile, hadithi yake ingekuwa nyingine kabisa. Akanitazama kwa macho ya shukrani.

"Mama, umemwokoa huyu."

Nimetukanwa maishani, lakini sijawahi kuambiwa neno lililonikera namna ile. Kumwokoa! Nilipanga siku tisa nimdhalilishe mtu, nikaishia kumponya. Nikataka nimwambie daktari alifute lile neno, lisiingie kwenye faili. Alichoandika ni kwamba Koplo anaendelea na dawa, anatembea vizuri, arudi baada ya miezi mitatu. Habari ya sindano haikutajwa tena. Nilitoka nje nikamshika Koplo masikio yote mawili, nikasimama hivyo barabarani watu wanatupita.

Hospitali ya watu ikamkuta Kocha na vidonda viwili tumboni. Wakamkataza vidonge vya maumivu kabisa. Wakamwambia kuchuchumaa basi, atembee taratibu mahali tambarare, asubuhi na jioni, dakika kumi na tano. Nikacheka peke yangu nilipokisoma kile cheti, maana daktari wa mifugo alikuwa ameniandikia maneno yaleyale kwa Koplo, isipokuwa yeye ni dakika kumi.

Nikampa masharti. Anataka kuendelea kujipanga nyumbani kwangu, basi yeye ndiye anayemtembeza Koplo mara mbili kwa siku, mbele ya mtaa, kwa mwendo wa Koplo na si wa kwake. Mkanda anaubeba begani, jina likiwa nje. Filimbi inabaki msumarini. Kidonge nampa mimi, yeye anasimama pembeni anaangalia, kisha anaandika daftarini, na si tena lile neno moja la kihuni. Anaandika kwa kirefu: Amemeza Koplo. Na tarehe.

Huu ni mwezi wa nne. Mdogo wangu alinifuata dukani jana, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniomba nimwachie sasa. Akasema mume wake amekonda, watoto wa mtaa wetu wanamwita koplo, amejuta mpaka basi. Akasema hata mbwa mwenyewe ameshamsamehe, mbona mimi nashindwa.

Ni kweli, nawaona kila asubuhi nikiwa nafungua duka. Wanatokea mlangoni pamoja, wazee wawili, mmoja anaburuza mguu wa kushoto. Koplo ndiye anayetangulia. Akifika kidato cha mwisho anageuka, anamngoja. Kocha akishafika chini anashika ukuta kupumua, na Koplo ananyoosha shingo, anamnusa mdomo. Hakuti kitu. Anamlamba hivyo hivyo.

Nikakata uzi, nikamrudishia mdogo wangu suruali ya mumewe, pindo la kushoto limeshonwa upya. Nikamwambia Koplo ni mbwa. Mimi si mbwa.